Mgonjwa wa Plastiki

Mwaka 2014, mjini Kasulu, nilitangaza kifo cha mgonjwa ambaye hakuwa amekufa. Bahati yangu alikuwa wa plastiki.

Tuliitwa madaktari kumi na wawili kutoka wilaya za huku juu, kwa siku tatu, tujifunze kuthibitisha kwamba ubongo wa mgonjwa umekufa ilhali moyo wake bado unapiga. Mimi nilitoka Kibondo, ambako serikali ilikuwa imenipeleka kutoka Tanga bila kuniuliza kama napenda baridi. Barua ya mwaliko ilisema tutajua ni wakati gani daktari ana haki ya kuzima mashine ya kupumulia. Hospitali yetu haikuwa na mashine ya kupumulia. Waliotoka wilaya nyingine nao hawakuwa nayo. Nilikubali siku hiyo hiyo, maana siku tatu za kulala bila kugongewa mlango si jambo la kukataa.

Mgonjwa wetu alichelewa. Alikuwa sanamu la ukubwa wa mtu mzima, na alisafirishwa kutoka Kigoma mjini nyuma ya gari, kafunikwa shuka. Kwenye kizuizi askari alifunua shuka, akaona miguu, akadai kibali cha kusafirisha maiti. Dereva akamwambia hiyo si maiti, ni sanamu la mafunzo. Askari akauliza mafunzo ya nini. Dereva, kwa kuwa ni mtu mkweli, akajibu kwamba ni ya kujua kama mtu amekufa. Walikaa pale saa moja na nusu.

Mwalimu wetu alikuwa daktari bingwa kutoka Dar es Salaam, mama mwenye sauti ya upole na macho yasiyosamehe. Alikuwa na kidude mkononi. Akikibonyeza, mboni za sanamu zinasinyaa, kifua kinapanda, au hakuna kinachotokea kabisa. Alitufundisha hatua moja moja. Kwanza ujue kilichompata mgonjwa. Uhakikishe hana baridi kali mwilini, hana sumu, hajapewa dawa ya kulaza, kwa sababu vitu hivyo humfanya mtu aliye hai aonekane hana ubongo. Ndipo unamulika macho, unagusa jicho kwa pamba, unatikisa mrija kooni uone kama atakohoa, unamwaga maji ya barafu sikioni. Mwisho kabisa unasimamisha hewa kwa dakika kama kumi na kutazama kifua. Kikiinuka, hata kidogo, umekosea.

Barafu ilileta taabu. Jokofu la ukumbi lilikuwa limekufa bila kuhitaji uthibitisho, hivyo mtu akatumwa dukani. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye mkewe alitokea pwani, alikuwa na barafu za ubuyu tu, zile za kwenye vifuko. Tukaziyeyusha tukazitumia. Mwenzetu wa kwanza akamwaga, sikio likatoa maji mekundu, naye akaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa anavuja damu na fuvu limepasuka. Mwalimu alisoma fomu ile mara mbili, akampa nusu ya alama kwa kuwa makini.

Siku ya pili daktari mmoja wa Kakonko alinyoosha mkono. "Samahani, Daktari, hapa pameandikwa 'zima mashine'. Sisi kule mashine yetu ni shemeji."

Mwalimu hakuelewa, ikabidi tumweleze. Kwetu mgonjwa akiacha kupumua, tunamtia mrija kooni, tunaunganisha mpira wa hewa, na ndugu anaubonyeza kwa mikono. Kila akibonyeza, mgonjwa amepata pumzi moja. Akichoka anapokezana na mwenzake. Wauguzi ni wawili kwa wodi nzima, kwa hiyo hakuna namna nyingine. Mwalimu akachukua chaki, na chini ya neno "mashine" akaandika ubaoni "ndugu", akasema twende tukale.

Zamu yangu ilikuja alasiri. Mke wa mgonjwa aliigizwa na mpishi wa hosteli, mama mmoja wa Heru Juu, aliyeketi pembeni ya kitanda na kanga mabegani. Nilifanya kazi safi. Mboni, pamba, mrija, ubuyu, pumzi. Nikatia sahihi, nikatazama saa, nikatangaza.

Mwalimu akabonyeza kidude. Sanamu likapepesa macho.

"Nani alikwambia hajapewa dawa?" akauliza.

Mpishi akatoa karatasi kwenye pindo la kanga. Ilikuwa ya zahanati: mgonjwa alikuwa amechomwa sindano nyingi za kutuliza degedege kabla ya kuletwa. "Mimi nimekaa nayo hapa tangu mchana," akasema. "Hajaniuliza. Hata shikamoo hajanipa."

Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nami nilicheka, kwa sababu ukikaa kimya watu wanakuandama zaidi. Kisha nikakumbuka mrina asali wa Kitahana, na kicheko kikanikatikia njiani.

Alikuwa ameletwa kwetu mwaka mmoja nyuma. Alipanda mti kurina, nyuki wakamzidi, akaanguka kichwa mbele. Alifika hospitali anakoroma, na alfajiri akaacha kupumua. Nikatia mrija, na mkewe akaanza kubonyeza mpira, akipokezana na shemeji yake. Saa tatu asubuhi nilimpima: macho kwa tochi ya simu, pamba, mrija. Hakuna kitu. Nikaandika kwenye faili "ubongo umekufa, saa tatu", nikaenda chumba cha upasuaji. Siku ilikuwa na mambo mengi. Saa kumi jioni nilirudi, nikasikiliza moyo, nao ulikuwa umesimama. Nikamwambia mke amefariki, aache kubonyeza. Akaacha.

Sikuwa nimemuuliza kama walipitia zahanati. Usiku wa Kasulu niliolipiwa niulale, sikuulala. Kama yule bwana alichomwa sindano zile zile, basi niliandika kifo cha mtu ambaye pengine alihitaji siku mbili tu za kubonyezewa hewa.

Niliporudi Kibondo nilichimbua faili. Mahali pa historia ya mgonjwa niliandika maneno matatu: "Ameanguka kutoka mtini." Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri kabisa.

Jumamosi nikachukua bodaboda kwenda Kitahana. Nilimkuta mjane anaanika mihogo, mtoto wa mwaka na nusu hivi akimvuruga. Nilimwamkia kwa Kiha changu kibovu, "Mwidiwe," naye akapiga magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo, akaulizia wazazi wangu, kazi, mvua za kwetu, na wagonjwa wote kwa ujumla. Nilijibu kila kitu. Safari hii sikuruka hatua. Akanipa kigoda, naye akakaa kwenye mkeka.

"Mama," nikasema, "siku ile mlipomleta mwenzako, mlipita zahanati? Walimchoma sindano yoyote?"

Akafikiri. "Tulipita. Tukakuta pamefungwa. Mganga alikuwa amekwenda semina."

"Hakupewa hata kidonge?"

"Hata maji hakunywa, daktari. Tulikuja naye moja kwa moja."

Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, mbele ya mjane, kwa sababu mumewe hakupata huduma. Alikuwa hana dawa mwilini, hana sumu, na alikuwa wa moto kabisa nilipomgusa. Nilikuwa sijakosea. Nikamweleza kwamba nilikuja kuhakikisha hilo tu, nikainuka nikaanza kutafuta maneno ya kuagia.

Yeye akamshika mtoto akampakata. "Daktari, kwa kuwa umekuja mwenyewe, na mimi nina langu. Ni mimi niliyemuua."

Nikakaa tena.

Alisema mchana ule shemeji yake alitoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka mgonjwa Kigoma, akabaki yeye peke yake na mpira, na huyu mtoto mgongoni. Mtoto akalia kwa njaa. Akavumilia, mtoto akazidi. Mwishowe akauweka mpira kitandani, akamnyonyesha. Alipomaliza akaushika tena, akabonyeza kwa nguvu zote, lakini moyoni alijua. Nilipokuja saa kumi kumwambia mumewe amefariki, alidhani nimekuja kumkamata. Mwaka mzima hakumwambia mtu, wala mama yake, wala kanisani.

"Uliacha kwa muda gani?" nikauliza. Ni swali la kidaktari, na nilijichukia kidogo kwa kuliuliza.

"Alinyonya ziwa moja mpaka akalala."

"Na kifua cha mumeo?"

"Nilikitazama muda wote. Nilikuwa namwambia, pumua basi hata mara moja, mtoto amalize. Hakikuinuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa hatua ya mwisho, ya kusimamisha hewa, ile ambayo mimi sikuifanya. Yeye aliifanya hadi mwisho, mtoto kifuani, bila kumwondolea mgonjwa macho, na katika ukumbi wote wa Kasulu hakuna aliyeifanya vizuri kiasi hicho.

"Sikiliza, mama," nikasema. "Hukumuua. Mimi nilimpima saa tatu asubuhi, ubongo wake ulikuwa umeshakufa. Kilichobaki kilikuwa moyo tu, nao usingefika mbali. Ungebonyeza mwezi mzima asingerudi."

"Saa tatu asubuhi?"

"Saa tatu. Niliandika kwenye faili."

"Mimi niliacha baada ya adhuhuri."

"Ndiyo. Alikuwa ameshakwenda."

Akalia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kanga. Nilimwona mabega yakishuka, na nikajiona daktari wa maana kwa mara ya kwanza tangu niripoti Kibondo. Mtoto akajigeuza mapajani kwake akataka kunyonya, akamsukuma polepole. Kisha akanitazama, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

"Kumbe ulijua tangu saa tatu," akasema. "Sasa mbona uliniacha nibonyeze mpaka saa kumi?"

Upasuaji ulikuwepo siku ile, wa akina mama wawili, na huo si uongo. Lakini kati ya saa tatu na saa kumi nilipita mbele ya kile kitanda mara tatu, na kila mara yeye aliinua macho kuniangalia, mikono ikiendelea, nami nikajifanya nasoma karatasi.

"Niliogopa kukwambia," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akainyoosha mikono yake mbele akaitazama.

"Vidole hivi viliniuma mpaka tulipomaliza msiba," akasema.