Wadudu wa Ukuta Mbichi

Wa kwanza nilimwona kwenye shali ya mwanangu, siku ya tisa tangu tutoke hospitali. Mdudu wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko punje ya wimbi, akitembea polepole kuelekea shingoni mwake. Nilimponda kwa ukucha. Nilipoinua macho, ukuta ulio juu ya kitanda cha mtoto ulikuwa na wengine wengi, wakipanda na kushuka.

Hapa mtaani Shauri Moyo nimeishi na kunguni, mende na panya, na kila mmoja namjua tabia zake. Hawa sikuwajua, basi nikawapa kila uovu: wanaingia masikioni, wanataga humo, wanakula ubongo. Nikamziba mtoto masikio kwa pamba. Hata msalani nilienda naye.

Mama mkwe alikuwa amekuja kunitunza, kama ilivyo desturi yetu mtoto akizaliwa. Chumba ni kimoja, tumekigawa kwa pazia. Siku aliyofika alifunga dirisha na kulitundikia blanketi ili mtoto asipigwe na baridi, kisha akaweka motoni sufuria ya njahi, maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa, nayo ikachemka humo ndani kutwa, kila siku.

"Mama, hizi njahi zako ndizo zimetuletea wadudu," nilimwambia.

"Njahi zangu nilizichambua moja moja. Mdudu wa njahi hutoboa njahi. Umeona tundu?"

Sikuwa nimeona tundu lolote. Nilizimwaga zote kwenye pipa la taka mbele ya macho yake, hata zile zilizokuwa zinachemka. Alikunja mfuko mtupu, akauweka chini ya mto wake. Hasira yangu hutangulia, akili ikafuata baadaye ikihema.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alipoenda kuteka maji, alipita mchuuzi mwenye kipaza sauti, yule wa dawa ya kunguni, mende, panya. Nikanunua chupa. "Mamaa, funga kila mahali ndio ishike vizuri," alisema. Kufunga hakukuwa na kazi, kulishafungwa. Kumtoa mtoto nje niliogopa baridi. Nikamlaza upande wa pili wa pazia, nikamfunika shali, nikapuliza ukuta mzima. Wadudu walianguka kama vumbi. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kisha nikamsikia mtoto akikohoa. Nilipofungua pazia, kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi na midomo imegeuka rangi ya zambarau.

Hofu ya siku zote zile ilikuwa mchezo tu. Nilipiga nduru. Mama mkwe aliingia mbio, akatupa mtungi, akang'oa blanketi dirishani, akamnyakua mtoto na kukimbia naye hadi kliniki bila viatu. Mimi nyuma, nyuzi nilizoshonwa nilipojifungua zikinivuta, nikimwambia Mungu neno lile lile moja: usimchukue, usimchukue.

Wauguzi walimwekea puani kifuniko cha kuvutia mvuke wa dawa. Nilitazama kifua kikipanda, nikaogopa hakitashuka. Kikishuka, nikaogopa hakitapanda. Midomo yake ilirudi rangi yake jua likiwa limeshaegemea.

Tuliporudi tulimkuta mlangoni fundi aliyetupigia plasta mpya kabla sijajifungua; mume wangu alikuwa amempigia simu kutoka kazini kuhusu wale wadudu. Aliokota mdudu mmoja sakafuni, akamtazama kiganjani.

"Hawa hawana noma, madam. Wanakula ukungu tu. Rangi mlipiga lini?"

"Siku ya tatu baada ya plasta yako."

"Si nilimwambia mzee wako mngoje mwezi? Hii ukuta bado iko mbichi."

Ni kweli alisema. Lakini akina mama wa kanisa wangekuja kumwona mtoto, nasi tulitaka wakute ukuta unang'aa. Fundi alisogeza kitanda. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umetanda, mahali mwanangu alipokuwa akipumulia. Alisema dirisha lifunguliwe na mapishi yatoke nje, wadudu wataisha wenyewe. Waliisha. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba ni ukoo mkubwa wa wadudu, wako wa aina nyingi, na chakula chao ni kuvu. Mtu hawamgusi.

Binti yangu sasa ana miaka miwili. Baridi ya Julai ikifika, kifua chake hupiga mluzi tena. Daktari anasema labda amezaliwa nacho, labda sivyo. Sijamuuliza mara ya pili, naogopa jibu.

Wageni huuliza, "Huyu mtoto alipatwa na nini?" Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe hujibu: "Ni baridi ilimwingia akiwa mchanga. Ni mimi niliyeacha dirisha wazi."

Mimi huinama na kumwekea mtoto sikio kifuani.