Tarumbeta Amepewa Chebet

Jumamosi. Asubuhi Nakuru ilikuwa na manyunyu na baridi ya kuficha mikono.

Leo nimejiponza kwa kuinua mkono.

Mnajua tunaanzisha bendi ya tarumbeta ya wanawake pekee hapa Bondeni. Chebet nilimleta mimi. Hata kupuliza nilimfundisha mimi, kwa chupa ya soda, jikoni kwangu.

Leo mwalimu wetu, Mama Wanjiru, alikuwa anachagua atakayeongoza kwa tarumbeta kwenye harusi ya Rongai. Akauliza, "Nani hapa hapotezi hesabu ya mapigo hata wengine wakipotea?"

Nikainua mkono kabla hajamaliza. Mimi hata kwaya ikiimba kanisani huwa nahesabu.

"Vizuri. Wewe chukua ngoma kubwa."

Ngoma!

Tarumbeta akampa Chebet. Akapuliza na, jamani, sauti ikatoka tamu. Wenzetu wakapiga vigelegele. Mimi niko nyuma, du, du, du, kama mtu anayetwanga mahindi.

Tulipopumzika akanijia, midomo imevimba. "Dada, usiniharakishe siku ya harusi. Ukikimbiza ngoma, pumzi itaniishia mbele ya watu."

Nikamwambia, "Usijali, mrembo."

Lakini sasa najua: pumzi yake iko mikononi mwangu.

Nyinyi mngefanya nini? Semeni ukweli, msiniletee mahubiri.

Nalala sasa, saa tatu. Midomo yangu ni mizima kabisa. Mikono ndiyo inauma.