Rula Achagua Seva

Ofisini walimwita Rula, na jina hilo la utani alilijua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchora ramani za nyumba katika ofisi hiyo ya watu tisa, na mstari uliopinda ulimuuma kuliko jino. Waume wawili alishawaacha. Wa pili, alisema, kosa lake lilikuwa kuning'iniza picha upande.

Kilichomwingiza kwenye mambo ya seva ni bafu. Kila mtu alikuwa na nakala yake ya kila ramani, nyingine kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi, nazo ziliitwa "Mwisho", "Mwisho Kabisa" na "Mwisho Hii Ndiyo". Fundi mwashi akapewa isiyo yenyewe. Siku moja asubuhi akapiga simu.

"Dada, bafu nimelimaliza, ila halina mlango. Watu waingilie dirishani?"

Mwenye nyumba akaja mwenyewe kutukana, tena kwa ufundi. Alipoondoka, bosi akaitisha kikao.

"Tunanunua seva, faili zote zikae mahali pamoja. Shemeji yangu anaziuza."

"Tuwaite na wengine, bosi," Rula akasema. "Ushemeji si kipimo cha mashine."

Bosi akamtwika kazi hiyo akidhani atachoka. Hakuchoka. Wiki nzima alipita meza kwa meza akiuliza: mnafungua ramani moja watu wangapi kwa pamoja? Umeme ukikatika, nani hupoteza kazi? Mhasibu akajibu kwamba yeye hana faili za kugawana na mtu. Rula akaichungulia kompyuta yake, akakuta sinema mia na arobaini.

Shemeji alikuja na mtambo mrefu kumzidi, unaovuma kama mashine ya kusaga.

"Huu unahudumia watu mia tano!"

"Sisi tuko tisa, shemeji."

"Si mtaongezeka?"

"Dada wa mapokezi ana mimba. Tutafika kumi."

Kisha Rula akafuta folda nzima ya majaribio mbele yake. "Haya, nirudishie." Shemeji akapigia simu watu watatu, akanywa maji, akasema mtambo una uchovu wa safari.

Muuzaji wa pili alileta hifadhi ya mtandaoni. Mtandao ukakatika hata hajaketi, kama ulivyozoea kila mchana. Rula akampa chai, akamsindikiza.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mfupi, fundi wa kompyuta, na kisanduku cha ukubwa wa mkate chenye diski mbili zinazobeba faili zilezile. Rula alifuta, mama akarudisha papo hapo. Kisha mama mwenyewe akachomoa diski moja, na ramani zikaendelea kufunguka.

"Na mwizi akibeba kisanduku kizima?"

"Utakuwa umeibiwa, dada yangu. Ndiyo maana kila siku nakala moja lazima itoke nje ya ofisi. Mtandao ukipatikana itajituma yenyewe."

Rula alimpenda hapohapo. Bosi alitia saini kwa uso wa mtu anayemeza kidonge bila maji.

Wiki ya kwanza kila mtu alihamishia faili zake kwenye seva. Bosi alihamisha zote, pamoja na barua kwa mama mkwe wake ya kueleza kwa nini hakununua mtambo wa mwanawe, yule shemeji. Kufikia adhuhuri ofisi nzima ilikuwa imeisoma.

"Nani kagusa barua yangu?" bosi akafoka.

Seva ilitunza jina na saa ya kila aliyegusa faili. Rula akayasoma kwa sauti. "Mhasibu, saa tatu, amesahihisha tahajia. Dada wa mapokezi ameongeza 'Mama mpendwa'. Mimi, saa nne, nimefuta aya ya pili. Ulikuwa unaomba radhi mara tatu kwa kosa moja."

Bosi akaisoma barua upya, akaituma kama walivyoiacha. Mchana ule Rula akampa kila mtu nenosiri lake, na folda ya bosi akaifungia mbali.

Mama mkwe alijibu kesho yake. Mambo ya mitambo hakuyagusa. Alisema tu kwamba kwa miaka kumi na mmoja mkwewe hajawahi kumwita mpendwa, na kwamba Jumapili yeye na mkewe waje kula.