Mzungu wa Boila na Jirani Yake

Mzungu fundi wa boila, ile mashine ya mvuke, kwa kile kiwanda cha sukari, hapa Kakamega mwaka wa tisini na tatu, alinawanga mikono sana lakini grisi haikutoka kwa kucha. Jirani yake Kageha alimpelekeanga maziwa kwa jagi kila jioni. Mzungu anasema asante, mlango unafungwa, pap! Miaka miwili hajamsindikiza hata hatua moja.

"Huyo ananifukuzanga," Kageha aliambia mumewe. "Leo ni ya mwisho."

Kumbe kazini walikuwa wamemwambia Mzungu kwamba huku mgeni anasindikizwanga. Siku hiyo akavaa viatu, wakatembea polepole mpaka kwa geti ya Kageha. Akageuka, akaangalia njia ya kurudi.

"Na mimi sasa, nani atanisindikiza?"

Kageha akacheka, akaweka jagi chini, wakarudi pamoja.