Harusi Aliyoiburuta Yvette

Tangu mwenzake David aondoke kwenda kufanya kazi Kampala, Yvette alibaki peke yake na programu waliyoianza wawili. Chumba kilikuwa kilekile cha kupanga pale Bwera, mpakani upande wa Uganda, na meza ileile, ila kiti cha pili sasa kilikuwa cha kuwekea nguo. Majirani walizungumza Lhukonzo, ambayo haiko mbali na lugha ya kwao Butembo, Kongo, lakini akifungua mdomo tu walijua ametoka ng'ambo ya mpaka, na mazungumzo yakaishia kwenye salamu. Jioni mama yake alimpigia simu.

"Kazi iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama."

Angeanzia wapi kumweleza?

Kazi yenyewe ilikuwa ya Blasio, mwenye studio ya video mjini Kasese. Alirekodi harusi na mazishi, na kwa kuwa video za watu ziliwahi kuibwa na kuuzwa mitaani, David na Yvette walimtengenezea programu ya kuzihifadhi zikiwa zimefungwa kwa msimbo, mwizi asiweze kuzitazama. Shida ilikuwa kuzitoa: bonyeza hapa, chagua pale, subiri. Wafanyakazi wake walikosea kila mara.

"Madam, mimi nataka kitu rahisi," Blasio alimwambia. "Mutu anakamata video na mausi, anaivuta mpaka ku flashi, anaachia. Basi."

Mambo ya namna hiyo yalikuwa ya David. Yvette akampigia. David alimsikiliza kwa upole, akasema yuko kazini, angempigia baadaye. Hakupiga. Yvette akasubiri, kisha akaacha kusubiri, akaanza kujifunza mwenyewe.

Ugumu ulikuwa huu: video iliyofungwa ndani ya programu haiwezi kuchukuliwa na kompyuta hivihivi, ni lazima kwanza ifunguliwe. Basi akaiagiza programu ianze kuifungua mara tu mtu anapoishika na kuiburuta. Alijaribu kwa video fupifupi alizorekodi kwa simu akiwa mlangoni: mvua, lori likipita, kuku wa jirani. Aliishika ile ya kuku, akaivuta hadi nje ya programu, akaiachia juu ya flashi. Ikatua.

"David, ona," alisema akigeuka, akakuta nguo kitini.

Aliipeleka Kasese, Blasio akafurahi. Siku chache baadaye Mbambu, mama mfanyabiashara wa soko la Mpondwe, akachukua flashi yenye harusi ya binti yake Mackline, akaalika ndugu waje kuitazama. Video ikakataa kufunguka mbele ya wote.

"Umeniaibisha kwa watu," Blasio alisema kwenye simu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Yvette.

Blasio alimtumia harusi ileile aijaribu, naye akaliona kosa lake. Video ya kuku ilikuwa fupi. Ilimaliza kufunguka kabla mkono haujafika kwenye flashi. Harusi ilikuwa ndefu. Mkono ulifika, kompyuta ikaanza kunakili huku programu bado inafungua, ikabeba kipande tu. Akaupindua mpango. Sasa mtu akiburuta, programu ingeipa kompyuta ahadi tu kwamba video inakuja. Akishaachia, ingeifungua video mpaka mwisho, ndipo iikabidhi.

Kuhakikisha hakuna kilichokatika, aliitazama harusi nzima. Akarekebisha, akaitazama tena. Chakula cha mchana alikula mbele ya wale wa harusini. Akamjua yule waliyemwita shangazi Yudesi, aliyeanza kucheza kabla muziki haujaanza na kuishia ameshika goti. Akamjua mjomba Maate, aliyeshika karatasi ya hotuba yake juu chini. Bwana harusi alipopapasa mfuko akitafuta pete, Yvette alimwambia kwa sauti, "Iko mu mufuko ingine." Ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

Kazi ilipokamilika, flashi aliipeleka mwenyewe Mpondwe. Ndugu walikuwa wamekusanyika tena. Aliyefungua mlango alikuwa shangazi Yudesi, na kabla hajafikiri, Yvette alimshika mikono yote miwili.

"Shangazi Yudesi, goti imepona?"

Yudesi alimtazama usoni, akitafuta. "Imepona, mwanangu. Wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

"Hapana. Mimi niko wa kompyuta."

"Aa," Yudesi alisema, na mikono ikaachana polepole.

Flashi ilichomekwa kwenye televisheni, harusi ikafunguka. Mbambu alimshukuru, akamletea ugali wa muhogo na samaki, naye Yvette akakaa karibu na mlango. Kila walipokaribia kucheka, yeye alikuwa ameshatabasamu. Ilipofika hotuba, Maate mwenyewe akainuka kujitetea, na watu wakaanza kumkumbusha vituko vyake vingine, vya utotoni, vya shuleni, vya siku alipovuka mpaka na mbuzi wa mtu. Hayo hayakuwamo kwenye video. Yvette aliwatazama wakicheka, akamaliza samaki wake, akaaga. Mbambu alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi haraka asipitwe.

Yvette alipanda kwa miguu kuelekea Bwera, kando ya malori yaliyosubiri kuvuka. Blasio akampigia.

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Asante, madam. Niko na wateja."

Chumbani aliwasha kompyuta. Walikuwa wamekubaliana na Blasio kwamba video ya mteja haibaki kwenye mashine ya fundi. Akaifuta harusi, na nakala zake zote. Halafu akamwandikia David ujumbe mrefu, akimweleza kosa lilivyokuwa na alivyolitatua. Jibu lilichelewa kidogo.

"Vizuri sana. Mimi nisingewaza hivyo."

Alilisoma mara kadhaa. Kisha akatoka kwenda kununua makaa kabla duka halijafungwa.