Aliyepandisha Namba Mbili

Kwa miaka thelathini na sita, mtu aliyetaka kujua mechi ya Reli na Soko imefikia wapi hakuhangaika kumuuliza jirani. Aliinua macho kutazama nyuma ya lango la magharibi, ambako mwandika mabango mmoja mwembamba alikuwa juu ya ngazi akitundika namba kwenye fremu ya chuma. Namba alizichora mwenyewe, nyeupe juu ya plaiwudi nyeusi, kila moja kimo cha mtoto wa miaka minne. Mbili yake ilikuwa na shingo ndefu na mkia uliokunjwa kidogo, na wenye maduka mjini waliutambua mkia huo popote ulipo. Watu walimwita Fundi Namba. Mkewe naye alimwita hivyo, lakini siku alizomkasirikia tu.

Reli na Soko zilianza zikiwa timu moja, ingawa ukilisema hilo kwenye kundi la mashabiki utatafuta pa kukimbilia. Mafundi wa karakana ya treni na wachuuzi wa soko kuu walikuwa wakicheza pamoja kila Jumapili, kwa mpira mmoja wa ngozi waliouchangia. Mvua zikaja, likazuka swali la kijinga kabisa: mpira ulale wapi? Wa karakana wakasema kwao ndiko kukavu, wakaufungia kwenye kabati la vifaa. Wa soko wakasema umeibwa, wakanunua mwingine. Mvua zilipokatika kulikuwa na mipira miwili, timu mbili, na watu wasiopeana salamu. Wajukuu wa wale watu mpaka leo wanabishana kama kabati lile lilikuwa na kufuli au halikuwa nalo.

Fundi alizaliwa upande wa Soko, maana mama yake aliuza vitunguu. Mkewe alikuwa binti wa fundi breki, Reli damu. Walioana hivyohivyo, na ndoa ikasimama, ila siku Reli ikifungwa chai ililetwa bila sukari, na Fundi aliinywa bila kuuliza. Akiwa juu ya ngazi, hata hivyo, hakuwa na timu. Mzee aliyemwachia kazi alimpa sheria moja. Usiutazame mpira, alimwambia, mtazame refa. Refa akinyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja, hesabu mpaka tano, ndipo upande. Fundi aliishika sheria hiyo maisha yake yote, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo ndiyo iliyomleta Mwalimu kwenye banda lake la mabango, asubuhi moja, akiwa na bahasha kwapani. Mwalimu alikuwa mstaafu mpole aliyefundisha nusu ya mji kusoma, na timu zote mbili zilikuwa zimemwomba aandike kitabu cha mechi zao, kwa kuwa ya mia moja ilikuwa inakaribia. Alisogeza makopo ya rangi, akakaa kwenye stuli.

"Nimebakiwa na ukurasa mmoja mtupu," alisema. "Soko wanadai wameshinda mara thelathini na nane, Reli thelathini na saba. Reli wanasema hapana, thelathini na saba kwa thelathini na saba. Tofauti ni mechi moja tu. Unaijua."

"Naijua."

"Refa ameshafariki. Washika vibendera hawajulikani walipo. Ripoti haipo, na ligi wakati ule haikujisumbua kwa sababu kombe lilikuwa limeshakwenda kwingine. Kilichobaki ni picha ya gazeti. Inaonyesha ubao wako, mbili moja."

Fundi aliendelea kuchovya brashi kwenye kopo ambalo halikuwa na rangi.

"Sasa wamekubaliana jambo ambalo sikulitegemea," Mwalimu akaendelea. "Uwanja unawekewa ubao wa taa. Kabla ya mechi ya mia, utapanda kwenye fremu yako mara ya mwisho, utundike matokeo ya siku ile. Utakachotundika ndicho kitakachoandikwa, na hakuna wa kubisha."

"Mimi ni mtu wa Soko, Mwalimu. Reli wamekubalije?"

"Wamesema hujawahi kukosea. Na usiniambie sasa hivi, tafadhali. Nikijua mimi mapema, watasema nimetiwa kitu mkononi."

Alipoondoka, Fundi alikaa kwenye stuli ileile. Hujawahi kukosea. Maneno hayo yalimkaa kifuani kama donge la ugali lisilotafunwa.

Ilikuwa hivi. Miaka thelathini na minne iliyopita, Soko walikuwa na mchezaji wa akiba ambaye kwa misimu sita alilijua benchi kuliko seremala aliyelitengeneza. Alikuwa mdogo wake Fundi. Siku ile waliumia watu wawili, akaingizwa dakika ya themanini, ubao ukisoma moja moja. Dakika ya tisini ikaja krosi kutoka kulia. Mdogo mtu akaugusa mpira kwa goti, au kwa paja, hata mwenyewe hajui, na mpira ukaingia.

Fundi hakumtazama refa. Hakuhesabu hata moja. Hakumngoja hata kijana wa kumpa namba; alinyakua mwenyewe namba mbili iliyoegemea ngazi, akapanda nayo kwa pupa, akaitundika. Ndipo alipogeuka akaona kibendera kimesimama upande wa pili, na refa ameinua mkono juu kuonyesha kuotea. Mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye ndoano. Ilikuwa kazi ya sekunde moja kuishusha namba.

Lakini watu walikuwa wameshauona ubao. Jukwaa la Soko lilimwagika uwanjani, filimbi ya refa haikusikika, na mdogo wake alikuwa mabegani mwa watu, mdomo wazi, akilia. Fundi alimtazama, akautoa mkono kwenye ndoano, akashuka. Refa na wenzake waliondoka kwa mlango wa nyuma na mechi haikumaliziwa. Kesho yake picha ikatoka gazetini.

Kuanzia hapo mdogo wake hakuwa tena na jina. Aliitwa Tisini. Mwaka uliofuata goti lilimharibikia, akaacha mpira, akafungua duka la kutengeneza baiskeli, na Fundi mwenyewe akamchorea bango: TISINI, FUNDI BAISKELI. Wateja walikuja na pancha, wakaondoka na hadithi ya goli. Mke alimpata kwa goli hilo, na hilo alilisema mke mwenyewe bila aibu. Mtu amejengewa nyumba nzima juu ya tofali moja, na aliyeliweka tofali hilo bovu alikuwa kaka yake.

Jioni ile Fundi alimweleza mkewe. Alitegemea atashangilia, maana kwa ukweli huo Reli ilikuwa inalingana na Soko. Mama wa watu alibaki na kijiko mkononi.

"Yaani nimebishana na wewe miaka yote hii kwamba lile halikuwa goli," alisema, "na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Chai zote zile nilizokunyima sukari ulistahili." Aliweka kijiko chini. "Lakini Reli isipate kitu kwa kumuumiza shemeji yangu. Nenda kwanza kwake. Asije akasikia uwanjani kama watu wengine."

Tisini alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mnene, na mikono ya grisi mpaka kwenye viwiko. Alipomwona kaka yake alivuta kreti la soda kwa mguu, akalifuta kwa kitambaa kichafu zaidi ya kreti lenyewe.

"Karibu kaka. Nimesikia habari zako, unapanda ngazi tena. Magoti yatakubali?"

"Nimekuja kwa sababu hiyohiyo." Fundi hakukaa. Alijua akikaa ataanza kuzungumzia watoto. "Lile goli lilikataliwa. Refa aliinua mkono. Nilipandisha namba bila kumtazama, na nilipomwona sikuishusha."

Gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, likapungua mwendo, likasimama.

"Mimi nilikiona kibendera," Tisini alisema.

Fundi akalikalia lile kreti.

"Nilikiona. Nikasimama. Halafu nikatazama ubao, nikaona umepandisha mbili. Nikajiambia, kaka hakosei, basi ni macho yangu. Miaka thelathini na minne, kila mtu akinisimulia hilo goli, mimi nakiona kibendera, najiambia ni macho yangu." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeishusha ile namba siku ile ningelia nikalala. Asubuhi ningeamka. Sasa unaniambia nikiwa na miaka hamsini na sita."

"Nilikuona unavyofurahi, mdogo wangu. Nikashindwa."

"Na sasa utatundika nini?"

"Moja."

Tisini aliinama, akaanza tena kulizungusha gurudumu. "Basi utatundika peke yako."

Wiki tatu zilipita hawajasemeshana. Fundi alizitoa namba zake kwenye gunia, akazipaka upya, hata zile ambazo hazingehitajika. Mara mbili alitembea mpaka kona ya duka la baiskeli, akasoma bango alilolichora kwa mkono wake mwenyewe, akarudi. Alifikiria kutundika mbili. Hilo lazima lisemwe, maana watu humsimulia siku hizi kana kwamba hakuyumba. Alifikiria asubuhi, akafikiria akinyoa ndevu. Kilichomkatalia hakikuwa Reli wala kitabu. Kilikuwa yale maneno, ni macho yangu. Akitundika mbili kwa mara ya pili, angekuwa anamwambia mdogo wake kwamba kweli ni macho yake.

Siku ya mechi ya mia, jua lilikuwa kali na majukwaa yalijaa mapema. Ubao wa taa ulisimama upande wa mashariki umefunikwa turubai. Mwalimu alieleza kwenye kipaza sauti kinachokwaruza kwamba fundi atatundika, na kwamba kila upande umeahidi kunyamaza. Ahadi ya pili ilizua kicheko.

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Ni hatari kupanda na plaiwudi kubwa namna ile, maana hupati mkono wa kujishikia. Mmoja hukaa juu, mwingine chini akampa namba. Walikubaliana atakayekaa chini ni Mwalimu. Fundi aliziegemeza namba tatu kwenye ngazi, namba moja zikiwa mbili na namba mbili ikiwa peke yake, ili Mwalimu asiweze kubahatisha mapema. Alipanda taratibu, akisimama kila hatua. Moja ya Reli haikuwa na ubishi. Alinyoosha mkono chini, akapewa, akaitundika. Reli wakapiga makofi kidogo, kama watu wanaopokea chenji yao.

Kisha akanyoosha mkono tena, bila kutazama, kama alivyozoea. Alifungua mdomo amwambie Mwalimu ampe ipi.

Ubao ulimgusa kiganja kabla hajasema. Aliutazama. Ilikuwa moja. Kwenye ukingo, juu ya rangi nyeupe aliyoipaka wiki ile, kulikuwa na alama za vidole vya grisi.

Chini ya ngazi, Mwalimu alikuwa amesogea pembeni. Tisini alisimama mahali pake, akiwa na nguo za kazi, ameinua uso, jua linamchoma macho. Alishika ngazi kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia baiskeli ili mwenzake apande.

Fundi aliitundika. Jukwaa la Soko likaguna, guno refu lililozunguka uwanja, na kuna waliopiga miluzi. Halafu, mmoja baada ya mwingine, waliona ni nani ameshika ngazi, na miluzi ikakatika. Upande wa Reli, ambao ulikuwa na haki ya kushangilia, haukushangilia. Katika mia moja ya mechi zao, sidhani kama kuna dakika nyingine ambayo timu hizo mbili zilinyamaza pamoja.

"Upande wa kushoto umeshuka," Tisini alisema kutoka chini.

Fundi aliinyanyua kidogo. "Hapo?"

"Hapohapo."

Alishuka polepole, na alipofika ngazi ya mwisho mdogo wake alimshika kiwiko, akamtia grisi kwenye shati jeupe. Walikaa kwenye nyasi nyuma ya lango, mgongo kwenye fremu, wakati timu zinaingia uwanjani na kelele zinarudi mahali pake pa siku zote. Machozi yalikuwa yanamtoka Fundi na hakujisumbua kuyaficha.

"Kesho nitakuja na brashi," alisema. "Nilifute lile bango la dukani, nikuandikie jina lako."

Tisini alifikiria. Refa alikuwa ameweka mpira katikati na anatazama saa yake.

"Liache," alisema. "Dakika ilikuwa ya tisini kweli."