Ushauri Niliompa Yaya Kuhusu Roboti

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji niliangusha koleo mbili kabla ya saa nne. Daktari Mkuu, Mkongomani mwenzangu mwenye ulimi mkali, hakuinua hata macho. "Mama, chuma ile haina mabawa," alisema. "Ikamate." Baada ya hapo nilikuwa muuguzi wake wa kumpa vifaa kwa miaka mingi.

Kansa ya umio, yaani njia ya chakula, tulianza kuitoa kwa kupasua kifua kizima. Baadaye tukapitia matundu madogo, kwa kamera na vyuma virefu visivyopinda. Kisha nikapelekwa ng'ambo kujifunza, nikaona roboti. Matundu ni yale yale, ila daktari hukaa pembeni akiongoza mikono ya mashine, inayopinda kama kifundo cha mkono na isiyotetemeka. Nilirudi nikiisifia mpaka wenzangu wakanichoka.

Ndipo yaya, dada yangu mkubwa, mchuuzi wa samaki Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, akaanza kukwama na chakula. Sisi watu wa Mweru tuna dawa yetu: aliyekabwa na mwiba wa samaki humeza tonge kavu la bukari, ugali wetu. Yaya alimeza matonge miezi mitatu. "Ni mwiba tu, itashuka," aliniambia kwa simu. Alipofika hospitalini kwetu ilikuwa kansa, lakini bado ya kutolewa.

Daktari Mkuu alitaka kumpasua wiki ile ile, kwa vyuma virefu. Nikambishia. Kwa ndugu yangu wa damu nilitaka roboti, na huko ng'ambo nafasi ilikuwa baada ya miezi minne.

"Mashine ni ya muzuri, sikatai," alisema. "Lakini iko mbali, na kansa iko hapa."

Yaya alinitazama mimi. "Weye njo unajua, mudogo. Minangoja."

Akangoja. Miezi minne ilipokwisha, vipimo vya kabla ya safari vilionyesha kansa imeshika bomba la pumzi. Haikuwa tena ya kutolewa, kwa mashine wala kwa mkono.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana huniuliza ipi bora. Nawaambia roboti huona vizuri na hupinda penye wembamba, na vyuma virefu mkononi mwa aliyezoea hufanya kazi hiyo hiyo. Mgonjwa wenu apasuliwe mapema, nawaambia, kwa kilichopo.

Habari ya yaya siwaambii. Mwishoni hakumeza hata maji, nikawa namlowesha midomo kwa pamba. Nilimwomba msamaha.

"Ulinitakia ya muzuri," alinong'ona.

Afadhali angenitukana.